Waya wa Spika si Kamba ya Nguo

Vikundi vingi vilivyoanza na viti na sufuria za kukodisha sasa vimeongeza mashine ya kupaza sauti. Ni biashara nzuri. Matanga hayakosi, harusi hazikosi, harambee ya shule haikosi, na kila mwenye shughuli anataka maneno yake yasikike mpaka ng'ambo ya mto. Mashine yenyewe, yaani amplifaya, hununuliwa kwa pesa za wanachama na mkutano mzima hukaa kujadili bei yake. Lakini waya wa kupeleka sauti kwa spika? Huo hununuliwa mwisho kabisa, ule wa bei ya chini, na ukipungua unaungwa na kipande kilichotolewa nyumbani kwa mtu.

Tunafanya hivyo kwa sababu ya wazo moja tulilo nalo: kwamba hatari iko kwa waya wa stima unaoingia kwenye mashine, lakini ule unaotoka kwenda kwa spika ni wa sauti tu, hauna neno. Somo la leo linasema sivyo. Kuna waya wa spika ambao mtu akiugusa hapati kitu, na kuna mwingine ambao lazima uheshimiwe kama stima ya ndani ya nyumba. Ukiziangalia kwa macho, nyaya hizo mbili ni sawa. Kinachozitofautisha ni mashine iliyo nyuma yake, na mara nyingi mashine ina maandishi ya kutuambia.

Somo hili ni la kikundi kizima, si la yule kijana mmoja mnayemwita fundi. Mali ni ya wote, na mtoto wa mwenye matanga akipigwa na stima, kesi itakuwa ya wote.

Ndani ya waya wa spika mna nini?

Mtu anapoongea, maikrofoni inageuza sauti yake kuwa stima kidogo sana, ambayo haiwezi hata kuwasha taa ndogo. Amplifaya inaichukua hiyo stima kidogo na kuiongezea nguvu, ikisaidiwa na stima ya ukutani, jenereta au betri. Kwa hiyo kinachotoka nyuma ya mashine si sauti. Ni stima kamili, inayokwenda mbele na kurudi nyuma kwa kufuata sauti ya msemaji. Spika ndiyo inayoigeuza kuwa sauti tena.

Stima hiyo ina volti ngapi? Hapa kuna hesabu ambayo kijana yeyote aliyemaliza shule ataifanya. Chukua wati za mashine, zidisha kwa omu za spika (ile namba iliyo karibu na alama ya Ω), kisha tafuta namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe inaleta jibu hilo. Mashine ya wati 100 na spika ya omu 8: mia moja mara nane ni 800, na volti zake ni kama 28. Mashine ya wati 400 kwa spika hiyo hiyo: 3,200, na volti zake ni kama 57. Basi tukiongeza ukubwa wa mashine tunaongeza pia hatari iliyo kwa waya, hata kama waya ni ule ule wa mwaka jana.

Halafu kuna zile mashine za honi, spika zenye mdomo kama baragumu tunazofunga juu ya nguzo au juu ya mti. Angalia nyuma ya mashine yake. Utakuta skrubu zimepangwa kwa mstari, zimeandikwa COM, 4, 8, 16, halafu 70V na 100V. Hiyo 100V maana yake ni volti 100, na si mapambo. Mashine ikifanya kazi kwa nguvu zake zote, waya uliofungwa hapo unabeba volti 100 mpaka kule kwenye honi. Stima ya nyumbani Kenya ni volti 240. Mia moja ni karibu nusu yake, na inatosha kabisa kumwangusha mtu aliyesimama pekupeku kwenye matope.

Wengine watasema, "Sisi tunatumia betri ya gari, volti 12 tu, hatuna wasiwasi." Mashine nyingi za betri zina transfoma ndani yake ya kupandisha volti. Inaingia 12, inatoka 100. Soma skrubu za nyuma, usiangalie betri.

Na tena kuna mtego. Volti za waya wa spika hupanda na kushuka pamoja na sauti. Asubuhi fundi anajaribu mashine pole pole, "moja, mbili, moja, mbili", anagusa kiungo cha waya, hasikii kitu. Anasema waya ni salama. Saa nane mchana msema chochote amepandwa na jazba, sauti iko juu kabisa, manyunyu yameanza, na kiungo kile kile sasa kinauma. Kupima kwa kidole asubuhi hakuthibitishi neno lolote.

Wamarekani walivyoligawanya jambo hili

Nchi moja iliyoliandika jambo hili waziwazi ni Marekani. Tunaitaja kwa sababu mbili. Kwanza, mashine zenye maandishi ya kule zinatufikia, nyingine kama zawadi ya marafiki wa parokia, nyingine kama mitumba. Pili, jinsi walivyofikiri itatusaidia hata kwa mashine isiyo na maandishi yoyote.

Marekani wana kitabu cha kanuni za stima kiitwacho National Electrical Code. Kilitolewa mara ya kwanza mwaka 1897, na hurekebishwa kila baada ya miaka mitatu. Sehemu ya 640 ya kitabu hicho inahusu mashine za sauti. Inasema kwamba waya unaotoka kwenye amplifaya utafungwa kwa kufuata daraja la 1, la 2 au la 3, na kwamba daraja huamuliwa na mashine, si na mnunuzi wa waya. Mashine hupimwa na maabara inayotambuliwa, kama ile ya UL, halafu huandikwa mgongoni "CLASS 2 WIRING" au "CLASS 3 WIRING" au "CLASS 1 WIRING", karibu na mahali pa kufungia waya. Fundi anasoma na kutii.

Madaraja yenyewe yanajibu maswali mawili: je, waya huu unaweza kumpiga mtu? Na je, unaweza kuwasha moto?

Daraja la 2 ndilo la upole. Nguvu zake zimewekewa mpaka, kwa hiyo hata nyaya mbili zikigusana haitarajiwi kuwaka moto. Na volti zake ni ndogo, kwa kawaida hazizidi 30, kwa hiyo haitarajiwi kumdhuru mtu mkavu anayeugusa. Nimesema mtu mkavu, na kanuni yenyewe inasema hivyo kwa njia yake: mahali panapoweza kuwa na maji, mpaka wa volti 30 unashushwa hadi 15. Fikirini juu ya uwanja wa matanga wakati wa mvua za masika.

Daraja la 3 bado lina mpaka wa nguvu upande wa moto, lakini volti zake zimepita 30. Linaweza kumpiga mtu. Kwa hiyo waya wake lazima uwe na ganda zuri zaidi, na viungo vyake vifichwe mtu asiviguse. Kule waya wa daraja hili huandikwa CL3 na ganda lake limepimwa kwa volti 300. Ule wa daraja la 2 huandikwa CL2, nao ni wa volti 150.

Daraja la 1 halina upole wowote. Hapa waya wa spika huhesabiwa kuwa ndugu ya waya wa stima, na hufungwa kwa njia zile zile za stima: ganda la volti 600, kupita ndani ya paipu, viungo ndani ya sanduku lenye kifuniko. Mashine kubwa za kumbi na viwanja huangukia hapa. Kumbuka sauti ni ile ile. Wimbo unaopita kwa daraja la 2 ndio huo huo unaopita kwa daraja la 1, ila nguvu yake ndiyo imekuwa nyingine.

Tahadhari moja kuhusu ile hesabu yetu ya volti. Ni ya kutusaidia kujua ukubwa wa hatari. Si ya kujipangia daraja. Sauti haitulii kama stima ya taa, na maabara wana njia zao za kuipima. Kwa hiyo pale maandishi yapo, maandishi ndiyo yanayoshinda. Tena mashine moja inaweza kuwa na madaraja mawili. Kuna zile zenye pande mbili ambazo fundi anaweza kuziunganisha ziwe upande mmoja wenye nguvu, na hapo volti za kutoka zinaweza kufika mara mbili. Ilikuwa daraja la 2, sasa si la 2 tena. Kijana akisema "nimeiunganisha ili ipige zaidi", muulize na waya ameubadilisha?

Kama mashine yenu haina maandishi ya daraja, na zile zisizotengenezwa kwa soko la Marekani mara nyingi hazina, tafuteni alama ya radi, ule mshale uliopindika, karibu na skrubu za kutokea. Alama hiyo inasema: hapa pana volti za hatari, zima mashine kabla ya kugusa, na afunge anayejua. Na kama hakuna hata alama, mimi nashauri hivi: waya wowote uliofungwa kwa 70V au 100V, na waya wowote wa mashine inayopita wati 100, uchukulieni kama stima ya nyumba. Mtatumia shilingi chache zaidi kwa waya. Hiyo si hasara.

Kwa nini basi tusiache hizo volti 100?

Swali hili ni la haki. Jibu ni umbali. Shaba nayo inazuia stima, na waya ukiwa mrefu na mwembamba unakula nguvu njiani. Chukua waya wa shaba wa milimita za mraba 0.75, mita 100 kutoka kwa mashine hadi kwa spika. Kwenda na kurudi ni mita 200, na waya huo peke yake unafika karibu omu 4.7. Ukiufunga kwa spika ya omu 8, spika iliyostahili wati 100 inapata kama wati 40. Nyingine inapotelea kwa waya na nyingine haitoki kabisa kwenye mashine. Ndiyo maana watu wa nyuma hawasikii, na fundi anaongeza sauti mpaka wale wa mbele wanaziba masikio.

Ukitumia waya huo huo kwa 100V, na honi nne za wati 15 kila moja zenye transfoma zake, kati ya wati 60 zinafika zaidi ya 56. Kwa uwanja wa shule au kwa kanisa lenye watu mpaka nje, njia ya volti 100 ndiyo inayofaa. Kwa hivyo tusiikatae. Tuitumie tukijua ni nini.

Hesabu ya honi ni rahisi: jumlisha wati zilizochaguliwa kwenye kila honi, na jumla isizidi wati za mashine. Ikiwa mashine ni ya wati 60, ni bora jumla iishie kama 50 ili mashine isihangaike. Lakini msifunge kamwe spika ya kawaida ya omu 8, isiyo na transfoma, kwenye skrubu ya 100V. Spika hiyo itadai wati 1,250 (mia mara mia, gawanya kwa nane). Kitu fulani kitaungua: spika, mashine, au vyote viwili, na kikundi kitakaa mwaka mzima kikilipa.

Pale uwanjani

Kitabu hicho cha Marekani kina sehemu maalumu ya mitambo ya sauti inayofungwa kwa muda na kuhamishwa, na hapo ndipo nilipoona vikundi vyetu vimeandikwa bila kutajwa. Kinasema waya uliolazwa chini mahali watu wanapita ufunikwe kwa mkeka usiopitisha stima, na upangwe usimwangushe mtu. Kinasema pia kwamba mashine inayoweza kuleta hatari izungushiwe kizuizi au ikae chini ya macho ya mtu anayeijua, watu wasiifikie. Sisi mashine yetu huwa wapi? Juu ya meza ya plastiki, watoto wameizunguka, na mtu ameweka kikombe cha chai juu yake.

Mahali penye hatari kubwa kwetu, kwa maoni yangu, ni mabati na seng'enge. Fundi akikosa nguzo hupitisha waya juu ya paa au huufunga kwa ua wa seng'enge. Ukingo wa bati hukata ganda la waya upepo ukivuma, na mwiba wa seng'enge hutoboa. Bati lote au ua wote unaweza kuwa na volti zile, na anayeegemea ua hajui hata kama kuna mashine. Tumieni nguzo za mbao au miti, mpandishe waya juu ya kichwa cha mtu mrefu, na pale ambapo lazima uguse bati, upite ndani ya paipu ya plastiki.

Viungo viwe vichache iwezekanavyo. Kiungo kilichofungwa kwa karatasi ya nailoni si kiungo. Kikiwa lazima kiwepo, kifungwe kwa tepu ya stima sawasawa, kiwekwe ndani ya kisanduku, na kiwe juu, si kwenye nyasi. Waya wa spika usipitishwe ndani ya paipu moja na waya wa stima. Wamarekani wanataka zile za daraja la 2 na la 3 zikae mbali na stima angalau milimita 50. Ganda likiharibika huko ndani, volti 240 zitaingia kwa waya wa spika, na hapo hakuna daraja litakalowaokoa. Hata waya wa kengele ya shule au wa simu usichanganywe nao.

Na msitumie plagi ya ukutani kama kiungo cha waya wa spika. Jambo hili ni la kawaida sana kwetu kwa sababu plagi ni rahisi kupatikana. Siku moja mtu mwenye nia njema atachukua plagi ya spika na kuichomeka kwa soketi ya stima. Soketi ikiwa imefungwa kwa waya wa spika ni hatari ya upande wa pili: mama atachomeka simu yake ipate chaji.

Maikrofoni inayouma midomo ya msemaji ni jambo jingine. Hiyo si shauri ya daraja la waya wa spika. Mara nyingi ni stima ya kuingilia: waya wa ardhi umekatika au plagi imefungwa vibaya. Zimeni, msiendelee na programu.

Mkipewa mashine ya kutoka Marekani, kabla ya yote someni volti za kuingia. Kule ni volti 120, hapa ni 240. Kama haina swichi ya kubadilisha, inahitaji transfoma ya kushusha. Mashine nzuri huungua kwa sekunde moja kwa kukosa kusoma mstari mmoja.

Kazi ya kudumu ni tofauti na ya uwanjani. Kama ni kufunga spika kanisani, kwa ukumbi au shuleni, ziingie ukutani na zibaki huko, mtafuteni fundi mwenye leseni ya EPRA. Mwonyesheni mgongo wa mashine na mmwulize: ni daraja gani, na umechagua waya gani kwa sababu gani? Anayejua kazi hatakasirika kuulizwa.

Kazi ya kikundi kabla ya mkutano ujao

Leteni mashine zote mezani, zikiwa zimezimwa na kuchomolewa. Mtu mmoja asome kwa sauti maandishi ya nyuma, katibu aandike kwa daftari: volti za kuingia, wati, skrubu zilizoko, daraja kama limeandikwa, na alama ya radi kama ipo. Kisha nyosheni waya wote wa spika kwa urefu wake uwanjani na mtembee kando yake pole pole, mkihesabu viungo na mahali ganda lilipochubuka. Pimeni pia urefu, maana wengi hukisia tu. Mkimaliza, jadilianeni: ni waya gani utabaki, ni upi utatumika kwa mashine ndogo peke yake, na ni upi utakatwa vipande leo ili asije mtu akauokota tena. Kazi hii msimwachie kijana wa mashine peke yake. Mweka hazina awepo, kwa sababu bei ya waya mpya itaulizwa siku hiyo hiyo.